Kura za posta Marekani: nani anazihesabu, na wakala anatazama nini

Haya ni maelezo niliyoyatoa kwenye semina ya mawakala na makatibu wa vijana wa kata. Wengi mmeomba maandishi, nimeyaweka kama nilivyoyasema. Nimepunguza utani tu.



Nimepewa dakika arobaini nizungumzie kura za posta za Marekani. Najua kuna mtu kule nyuma anajiuliza, Marekani inatuhusu nini wakati sisi hata orodha ya mawakala wa kata hatujaikamilisha? Ni swali la haki. Nimelileta hili kwa sababu ya ugomvi uliotokea kwenye grupu letu la WhatsApp. Kamanda mmoja aliandika kwamba mwaka 2020 Wamarekani walihesabu kura siku nne, na ingekuwa Afrika wangesema tumeiba. Mwingine akamjibu kwamba hata wao waliiba, video ipo. Wakavutana mpaka saa sita usiku. Mimi nilisoma yote, na nikaona kwamba hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyejua bahasha ya kura ikifika ofisini inafanywa nini. Basi nikakaa nikasoma. Nilichokipata ndicho hiki.

Kabla sijaenda mbali: nikisema "jimbo" leo namaanisha jimbo la kule, kama Pennsylvania au Georgia, siyo jimbo la mbunge wetu hapa.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba Marekani hakuna tume ya taifa inayohesabu kura za rais. Haipo. Kila jimbo lina sheria yake, na kazi yenyewe inafanywa na maofisa wa kaunti, na kaunti ziko zaidi ya 3,000. Wisconsin wameshuka chini zaidi, msimamizi ni karani wa mji au wa kijiji, na makarani hao wako zaidi ya 1,800 katika jimbo hilo moja. Wengine ni watu wa ofisi ndogo kabisa, karani huyo huyo anashughulikia na leseni za mbwa. Yule mnayemsikia kwenye televisheni usiku akitangaza kwamba fulani kashinda siyo tume, ni chombo cha habari kinachopiga hesabu zake. Matokeo rasmi yanathibitishwa siku na wiki kadhaa baadaye, kaunti kwa kaunti, kisha jimbo.

Sasa tufuate bahasha moja. Tuseme ni ya mama mmoja wa Pennsylvania, mzee, miguu inamuuma, hataki kupanga foleni. Zamani pale ulitakiwa utoe sababu, kwamba unasafiri au unaumwa. Sheria ikabadilishwa mwaka 2019, sasa yeyote anaweza kuomba. Anaomba kwa ofisi ya kaunti, ofisi inamtazama kwenye daftari, inamtumia karatasi ya kura na bahasha mbili. Anaweka alama, karatasi anaiingiza kwenye bahasha ya ndani ambayo haina jina lake wala alama yoyote. Hiyo anaiingiza kwenye bahasha ya nje, ambayo ina tamko na nafasi ya kusaini na kuandika tarehe, na ina alama ya mistari kama ile mnayoiona kwenye bidhaa za supamaketi. Alama hiyo ni ya kwake peke yake. Kisha anaituma kwa posta au anaipeleka mwenyewe.

Ikifika ofisini, karani anapitisha ile mistari kwenye mashine na daftari linaandika kwamba ya mama fulani imeshaingia. Akijaribu kutuma nyingine, au akienda kituoni kupiga tena, daftari linamwonyesha. Bahasha inafungiwa stoo haijafunguliwa. Na hapa ndipo kuna kitu kinachoeleza zile siku nne: kwa sheria ya Pennsylvania hairuhusiwi kugusa bahasha hizo mpaka saa moja asubuhi ya siku yenyewe ya uchaguzi. Mwaka 2020 jimbo zima lilikuwa na kura za posta kama milioni 2.6, na mji wa Philadelphia peke yake zaidi ya 350,000. Sasa fikirieni, asubuhi hiyo hiyo ndiyo vituo vinafunguliwa, na ofisi hiyo hiyo ndiyo inasimamia vyote viwili.

Siku ikifika, kwanza wanakagua bahasha ya nje. Imesainiwa? Mwenye saini yumo kwenye daftari? Alipewa karatasi kweli? Majimbo mengine wanalinganisha saini na ile iliyoko kwenye kumbukumbu, na hapo kuna shida yake, maana saini ya mtu wa miaka themanini siyo ile aliyoiweka akiwa na arobaini. Muulizeni bibi yako asaini mara tatu muone. Pennsylvania mahakama yao kuu ilisema mwaka 2020 kwamba kaunti hairuhusiwi kuitupa kura kwa kulinganisha saini tu. Georgia walikuwa wanalinganisha, halafu sheria ya 2021 ikabadilisha, sasa wanatazama namba ya leseni au kitambulisho. Na majimbo mengi yana utaratibu wa kumtafuta mpigakura, wanamwambia mama saini yako haipo, njoo urekebishe kabla ya tarehe fulani. Kura haifi palepale.

Bahasha ya nje ikikubaliwa inakatwa, ya ndani inatolewa, na zinatenganishwa. Zile za ndani zinachanganywa kwanza ndipo zinafunguliwa, ili yule anayeiona karatasi asijue ni ya nani. Kama mtu alitumbukiza karatasi moja kwa moja kwenye bahasha ya nje bila ile ya ndani, Pennsylvania wanaiita kura ya uchi, na mahakama iliamua Septemba 2020 kwamba haihesabiwi. Msicheke, ni jina lao wenyewe.

Karatasi zinanyooshwa, zinapitishwa kwenye mashine. Kuna karatasi ambazo mashine inazitema: imechanika, imemwagikiwa chai, au mtu alizungushia jina badala ya kujaza kiduara. Nyingi ya hizo zinanakiliwa kwenye karatasi safi, na kwa kawaida wanafanya watu wawili wa vyama tofauti, mmoja anasoma mwingine anaandika, na karatasi zote mbili zinapewa namba moja ili ya kwanza iweze kutafutwa baadaye. Mgeni akichungulia dirishani akaona mtu anajaza karatasi ya kura kwa kalamu, atapiga kelele. Na kweli watu wamepiga kelele kwa hilo. Lakini aliyesoma utaratibu anajua swali la kuuliza: ya asili iko wapi, na namba yake ni ngapi?

Mwishoni wanalinganisha. Bahasha zilizokubaliwa ni ngapi, karatasi zilizotoka ni ngapi. Mara nyingi hazilingani moja kwa moja, maana kuna mtu alituma bahasha tupu, kuna mume na mke waliweka karatasi zao kwenye bahasha moja. Kila tofauti inaandikwa sababu yake.

Hapa niungame jambo. Mimi nimewahi kuwa wakala, kituo gani na mwaka gani siwaambii. Ilikuwa usiku, taa hakuna, tunamulika kwa simu, nina njaa tangu asubuhi. Msimamizi akaniletea fomu, nikasaini. Sikulinganisha majina yaliyowekewa alama kwenye daftari na karatasi zilizotoka kwenye sanduku. Sikuhesabu vishina. Nilitazama jumla ya mgombea wetu tu, nikaona tumeshindwa, nikasaini nikaenda kula. Mpaka leo sijui kama ile hesabu ilikuwa sawa. Huenda ilikuwa sawa kabisa. Tatizo langu ni kwamba sijui, na nilikuwepo.

Turudi kwenye siku nne. Mwaka ule mgombea mmoja aliwaambia watu wake wasiamini posta, waende kituoni. Wa upande wa pili walituma kwa posta kwa wingi. Kura za vituoni zikatangulia kuhesabiwa, za posta zikafuata taratibu. Kwa hiyo usiku ule Trump alikuwa mbele Pennsylvania kwa mamia ya maelfu, kisha kila kundi la bahasha likifunguliwa anashuka, mpaka mwisho Biden akashinda kwa kura kama 80,000. Mtu aliyelala na kuamka akaona namba zimegeuka, akasema tumeibiwa. Florida hawakuwa na mgogoro huo usiku ule, kwa sababu moja: sheria yao inaruhusu kuanza kushughulikia bahasha wiki kadhaa kabla, matokeo yanafungwa mpaka vituo vifungwe. Maofisa wa Pennsylvania waliomba ruhusa kama hiyo kabla ya uchaguzi, bunge la jimbo halikuwapa.

Na mawakala wao je? Kwa sheria kila chama na kila mgombea ana haki ya kuwa na mwakilishi mle ndani. Philadelphia walihesabia kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano, wakaweka na kamera watu watazame kwenye intaneti. Timu ya Trump ikaenda mahakamani. Kwenye mahakama ya shirikisho walilalamika kwamba wamezuiliwa, jaji akawabana: je, watu wenu wamo ukumbini au hawamo? Wakili wao akakubali kwamba mle ndani kuna idadi ya watu wao ambayo siyo sifuri. Hilo jibu lilichekwa dunia nzima. Lakini mimi nawaambia, msilicheke lote. Malalamiko yao mengine yalikuwa ya umbali, kwamba wako ndani ila wamewekwa nyuma ya uzio hawaoni maandishi. Mahakama moja ya jimbo iliwapa haki ya kusogea mpaka futi sita. Siku kumi na mbili baadaye mahakama ya juu ya jimbo ikasema sheria inadai wawemo chumbani tu, umbali unapangwa na maofisa, na majaji wawili kati ya saba hawakukubaliana na wenzao. Mimi nikiwa wakala ningekuwa upande wa wale wawili. Wakala aliyewekwa mahali asipoona ana tofauti gani na kiti?

Sasa niwape visa viwili, na nawaomba mviweke pamoja kichwani.

Cha kwanza ni North Carolina mwaka 2018, uchaguzi wa mbunge wa wilaya ya tisa. Mgombea wa Republican, Mark Harris, aliongoza kwa kura 905. Bodi ya uchaguzi ya jimbo ikakataa kuthibitisha. Kwa nini? Kaunti moja ndogo, Bladen, ilikuwa na kura za posta zenye sura ya ajabu. Harris alipata asilimia 61 ya kura za posta za pale, wakati wanachama waliojiandikisha wa chama chake walikuwa asilimia 19 tu ya waliorudisha bahasha. Tena sheria ya jimbo ilidai kila bahasha isainiwe na mashahidi wawili, au ofisa wa viapo. Waandishi wa habari wakapitia bahasha wakakuta majina ya mashahidi yanajirudia, watu wale wale wachache wameshuhudia kura za majirani kibao.

Uchunguzi ukaonyesha kwamba kulikuwa na mtu wa mitaani aliyelipwa na kampeni, McCrae Dowless, ana kikosi chake kinapita nyumba kwa nyumba kikikusanya bahasha za watu, jambo ambalo sheria inakataza. Nyingine zilichukuliwa hazijafungwa, nyingine hazijajazwa nafasi zote wakazijaza wao. Mmoja wa wanakikosi alieleza kwenye kikao cha wazi walivyojificha: wanatuma chache chache ili zisitie shaka, wanatumia kalamu ya wino uleule aliotumia mpigakura, na wanaangalia stempu isibandikwe vibaya. Februari 2019 wajumbe watano wa bodi, wa vyama vyote viwili, walikubaliana kwa pamoja uchaguzi urudiwe. Ukarudiwa Septemba.

Angalieni wizi ulitokea wapi. Ulitokea barazani kwa wapigakura, bahasha haijafika ofisini. Wakala aliyekaa ukumbi wa kuhesabia macho kodo asingeona kitu, kura zile zilihesabiwa vizuri tu! Kilichowakamata ni karatasi: orodha ya nani kaomba, nani karudisha, nani kashuhudia. Na orodha ya waombaji na waliorudisha kule inatolewa kwa umma, mtu yeyote anaweza kuichukua akakaa nayo mezani.

Kisa cha pili ni Atlanta, Georgia, usiku wa uchaguzi wa 2020, ukumbi wa State Farm Arena. Hii ndiyo video ya kwenye grupu. Inaonyesha wafanyakazi wanatoa makasha ya kura chini ya meza, mawakala na waandishi hawapo, wanaendelea kupitisha karatasi kwenye mashine. Rudy Giuliani, wakili wa Trump, akaipeleka mbele ya maseneta wa jimbo akasema mnaona masanduku ya kura bandia. Wachunguzi wakatazama video nzima, siyo kipande. Wakaona makasha yale ni ya kawaida, yalijazwa na kuwekwa pale wakati mawakala na waandishi bado wamo ukumbini, kwa sababu wafanyakazi walidhani wanafunga kazi. Halafu ikaja amri kwamba endeleeni. Georgia ilikuwa na karatasi zote, zikahesabiwa upya kwa mkono, kama milioni tano, mshindi akabaki yule yule.

Kulikuwa na kosa la maofisa usiku ule, tusilifiche. Mawakala waliondoka wakiamini kazi imeisha, na kazi ikaendelea bila wao. Utaratibu wa nani atangaze kufunga na kufungua haukuwa wazi. Hilo lilistahili kulalamikiwa kama lilivyo. Badala yake likafanywa masanduku bandia, na mzigo ukaangukia wafanyakazi wawili wa mezani, mama na binti yake. Ilidaiwa kwamba walipitishiana flashi ya kuchakachua. Binti akaja kuapa mbele ya kamati ya bunge kwamba mama yake alimpa pipi ya tangawizi. Walitishiwa kuuawa, mama akahama nyumba. Desemba 2023 baraza la mahakama liliamuru Giuliani awalipe dola milioni 148.

Mmeona ninachokitaka? Bladen wizi ulikuwepo, na aliyeupata ni mtu aliyeketi na orodha. Atlanta wizi haukuwepo, na aliyeuona ni mtu aliyetazama dakika chache za video bila kujua kasha la kura linakaaje kabla ya kufunguliwa. Sisi wa upinzani tuna kishawishi kikubwa cha kuwa wa pili. Tumeonewa mara nyingi, basi kila tukio tunalitafsiri kwa hasira. Halafu siku tukiwa na ushahidi wa kweli, hakimu anatutazama kama wale wa jana.

Kuna mfano mwingine mfupi. Milwaukee, Wisconsin, 2024, wanahesabu kura za posta mahali pamoja. Mchana ikagundulika kwamba vifuniko vya mashine 13 havikufungwa sawasawa. Hakuna aliyeonyesha kwamba kura zimeguswa. Bado maofisa waliamua kurudisha mashine sifuri na kupitisha upya kura kama 31,000, vyama vyote vikitazama. Wakachelewa, wakatukanwa na pande zote. Mimi nimewapenda hawa. Lakiri ikiwa na shaka, unarudia.

Kwetu hapa kura ya posta hatuna. Kura inapigwa kituoni, inahesabiwa kituoni, na wakala anapewa nakala, 21A ya rais, 21B ya mbunge, 21C ya diwani. Kwa upande huo utaratibu wetu wa kwenye karatasi ni mzuri kuliko ukumbi wa Philadelphia, maana uko mita mbili na msimamizi. Lakini Zanzibar wana kura ya mapema, mwaka 2020 ilipigwa tarehe 27 Oktoba, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, kwa watendaji wa uchaguzi na vyombo vya ulinzi. Hiyo ni binamu ya bahasha ya Pennsylvania. Maswali ni yale yale: nani yumo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, orodha hiyo tumepewa lini, sanduku likishafungwa liko chini ya nani mpaka lifunguliwe, namba za lakiri tumeziandika sisi au tumesomewa, na waliopiga jana wamewekewa alama kwenye daftari la leo?

Na ndugu zetu walio nje wanadai wapige kura. Wakenya mwaka 2022 walipiga wakiwa katika nchi 12, kwa kwenda wenyewe kituoni, na kwa urais tu. Kuna wanaosema sisi tudai ya posta, mtu wa Muscat au Toronto atume bahasha. Nami natamani wapige. Ila nimewasimulia Bladen. Tukiidai, tudai na orodha ya walioomba na waliorudisha itoke hadharani kwa wakati, na tujue bahasha itafunguliwa siku gani, la sivyo tutajipa siku nne za matusi.

Sasa chai. Tukirudi tutagawana vikundi vya watu watano. Kila kikundi kitapata bahasha ishirini nilizozitengeneza jana usiku na mke wangu, pamoja na daftari la majina. Kuna isiyosainiwa, kuna tupu, kuna yenye karatasi mbili, kuna shahidi mmoja amejirudia mara nyingi kuliko inavyostahili. Mtaniandikia mmekubali ngapi, mmekataa ngapi na kwa nini, na karatasi zilizotoka ni ngapi. Hakuna kusaini fomu mpaka hesabu zifungane, au muandike kwa nini hazijafungana. Na simu zote ziwe mezani, tochi hamtazihitaji, leo umeme upo.